Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa wanachama wa umoja wa waongoza ndege, mafundi wa redio na wapima hali ya hewa, Lubumbashi

Wandugu wanachama, baba na mama mlioitikia mwito wa leo, nawasalimu.

Kazi za kawaida mnazijua. Tumekaa matanga na wenzetu waliofiwa, tumewapongeza waliooa na waliozaliwa watoto, komite imekutana, daftari la pesa limekaguliwa. Hayo yamepita vizuri.

Nije kwenye jambo linalosemwa zaidi mitaani, Katuba na Kamalondo, kuliko humu ukumbini: pesa za sherehe ya mwisho wa mwaka. Ni mimi niliyependekeza, na komite ikakubali, zikodi chumba na kununua betri, spika na vifaa vya masikioni kwa mazoezi ya mawasiliano ya redio wakati wa mvua ya radi. Wapo walioita hicho kiburi cha mwenyekiti. Naomba nisikilizwe.

Sisi ni umoja wa waongoza ndege, mafundi wa redio na wapima hali ya hewa, wastaafu na vijana. Nani asiyejua mawingu yanavyopanda kwenye uwanja wetu wa ndege wa Luano alasiri za Januari? Saa hiyo ndege zote huomba kukwepa mawingu kwa pamoja, na sauti ndicho chombo kinachotegemewa. Redio zetu za sauti hutumia AM, yaani sauti hubebwa kwa kubadilisha nguvu ya wimbi, kati ya megahezi 118 na 137, na AM hupokea mkwaruzo wa kila radi iliyo karibu. Kwenye masafa ya HF, yale ya mawasiliano ya mbali, hali ni mbaya zaidi, maana huleta hata kelele za radi za mbali sana.

Fundi mmoja kijana aliniuliza kwa nini basi tusihamie FM, inayobadilisha mwendo wa mitetemo ya wimbi badala ya nguvu yake. Lilikuwa swali zuri kuliko malalamiko yote niliyopokea mwaka huu. Kwenye FM, sauti yenye nguvu humeza iliyo dhaifu, na aliye mnarani hatajua kamwe kwamba kuna mwingine aliyeita. Kwenye AM, wawili wakibonyeza kitufe cha kusema pamoja unasikia mluzi. Unajua kuna maneno yamepotea, unaomba yarudiwe. Mluzi huo ulisikika Tenerife tarehe 27 Machi 1977, ndani ya ukungu, na maneno yaliyofunikwa hayakurudiwa; ndege mbili zikagongana uwanjani. Walikufa watu 583.

Basi tulirekodi mikwaruzo, tukaipiga kwenye spika, tukawaweka vijana katikati yake. Ndege inaomba kukwepa: kushoto au kulia? Maili ngapi? Itarudi njiani lini? Toa agizo moja au mawili, usipakie matano. Subiri yarudiwe, na namba ikirudi vibaya, sahihisha hapo hapo. Rubani akitamka kwamba hali ya hewa inamlazimisha kukwepa, anaomba kipaumbele kwenye masafa, na wengine wakae kimya. Vijana walioanza kwa kutetemeka wameondoka wakiwa na sauti tulivu. Nilisimamia mwenyewe mazoezi hayo, na ninayaonea fahari.

Wengine walilalamika kwamba tulifanya pia kwa Kiingereza, wakati Kifaransa kinatutosha. Hakitutoshi. Tangu Machi 2008 kanuni za kimataifa zinadai rubani na mwongoza ndege wa safari za kimataifa wafikie angalau kiwango cha 4, yaani cha kutosha kwa kazi, katika lugha ya redio, na wageni wanaotua hapa huongea Kiingereza. Tena si Kiingereza cha mtaani. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya abiria Avianca 52 ilizungushwa hewani karibu na New York zaidi ya saa nzima kwa ajili ya hali mbaya ya hewa. Wahudumu wa chumba cha rubani walisema mafuta yanaisha, wakaomba kipaumbele, lakini dharura hawakuitangaza. Ndege ilianguka, watu 73 wakafa. Na sisi tuna msiba wetu: ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Goma kupitia Kisangani ilianguka Kinshasa ndani ya dhoruba tarehe 4 Aprili 2011, na kati ya watu 33 alipona mmoja. Sherehe ingetupa bia na kuku wa usiku mmoja.

Kinachoniumiza ni kwamba waliolalamika zaidi hawakufika mazoezini hata mara moja. Tuko wanachama 64. Waliomaliza michango ni 23, waliolipa nusu 11, waliobaki hawajatoa franka hata moja, na mkutano wa Agosti uliahirishwa kwa kukosa idadi. Mvua haiwezi kuwa sababu kila mara, sisi tunaofanya kazi ya mvua.

Mwaka ujao tunatumaini kupata chumba chetu wenyewe, labda na mfadhili wa kompyuta, na Mungu akijalia tuwaalike wenzetu wa Kolwezi. Sherehe itazungumzwa michango ikiingia. Mhazini amekaa karibu na mlango na kitabu cha stakabadhi. Mwenye deni amwone kabla hatujafungua majadiliano.