Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Kijiwe cha Wastaafu, Hombolo Bwawani

Mbukwenyi, ndugu, jamaa, watoto na wajukuu popote mlipo.

Kwa niaba ya wazee wa kijiwe chetu cha Jumamosi, nawatakia heri ya Krismasi na baraka tele za Mwaka Mpya. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha, maana wengi waliitamani siku hii na hawakujaliwa. Wenzetu Waislamu mliotukaribisha Idi, milango yetu iko wazi, pilau lipo.

Mwaka haukuwa mwepesi. Sukari, mchele na mafuta ya alizeti vimepanda, pensheni ni ile ile. Habari za kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, hazijaisha kijiweni, wala sioni zikiisha karibuni. Wenye zabibu wameuza kwa bei ya kutupa, na waliokamua wenyewe mchuzi wao wa kutengenezea mvinyo ungali kwenye mapipa unangoja mnunuzi. Januari nayo hiyo inabisha hodi na ada zake. Tushukuru tu kwamba mvua zimeanza na mlenda mbichi umerudi mezani.

Lakini lililotuumiza kuliko bei zote ni kuondokewa na mwenzetu wa kijiwe, tuliyemwita Mwalimu. Alizaliwa hapa hapa, na bwawa hili linajengwa mwaka 1957 alikuwa mtoto mdogo akichunga mbuzi. Kila Jumamosi kabla ya kugusa bao alinyoosha bakora kutuonyesha maji yalikokuwa yakifika zamani, kabla ya tope kulijaza. Uchezaji wake mnaujua. Kete anazo kiganjani, anazichezesha polepole, anakutazama usoni mpaka unaanza kujishuku, ndipo anakula shimo ambalo hukuliwazia kabisa. Kisha anamimina kahawa, anakupa wewe uliyefungwa kwanza.

Nami niseme langu. Mama watoto alipotangulia nilijifungia ndani. Sikutaka bao, sikutaka kahawa, pole za watu zilinichosha. Mwalimu hakunihubiria. Jumamosi saa kumi alasiri aligonga geti kwa bakora, akaingia, akakaa barazani kungoja nivae viatu. Nisipovaa alikaa hapo hapo mpaka magharibi, akaaga, akaenda zake. Wiki inayofuata yuko tena. Mwisho nikavaa. Sijui ningekuwa wapi leo kama angekata tamaa na mimi.

Kwa hiyo wazee wenzangu, nawasihi: asiyeonekana Jumamosi afuatwe kwake. Tusingoje tangazo la msiba ndipo tujue mwenzetu alikuwa mgonjwa. Dawa za presha tukumbushane. Wosia tuandike tungali na akili zetu, tusiwaachie watoto ugomvi wa viwanja. Na wajane wetu wasibaki na sufuria za matanga tu halafu kimya. Zamu ya nyumba zao iendelee kama kawaida, viti vyao vibaki kwenye duara.

Enyi watoto wetu, hela ya kwenye simu tunaipokea kwa shukrani, Mungu awazidishie. Ila njooni mkae. Treni ya umeme imeisogeza Dar es Salaam mpaka Dodoma mjini, na kutoka hapo kuja huku si safari ya kumshinda kijana. Mzee anataka mtu wa kumuuliza ameamkaje, akajibu kwa kirefu, akasikilizwa.

Na tunaolima mboga kandokando ya maji, mimi nikiwemo: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60 kutoka ukingoni. Mwalimu alilisema hili mpaka sauti ikamkauka. Tope linaloingia bwawani linashuka kutoka kwenye majembe yetu, na perege tunaolalamika kuwa wamekuwa wadogo wanaishi humo humo. Mungu ametukabidhi maji katikati ya nchi kavu ya Ugogo, na siku moja atatuuliza tuliyafanyia nini. Wajukuu watatuuliza kabla yake.

Jumamosi ya kwanza ya Januari ni zamu ya nyumba ya Mwalimu. Mama mwenyewe ameomba isirukwe. Kahawa atapika yeye, sisi twende na sukari na karanga, na anayelifahamu bao vizuri amfundishe mjukuu wa Mwalimu, maana kijana ameomba.

Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya kwenu nyote.

Katibu wa kijiwe