Uso wa Bibi usipotee kwenye diski

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama na wote hapo nyumbani. Mimi huku niliko sijambo. Mfikishie Mama shikamoo yangu, umwambie diski ya DVD uliyonakilia mikanda yetu ya zamani ya video, ile ya VHS, imefika salama, haina hata mkwaruzo.

Niliiweka usiku uleule, nikaenda moja kwa moja pale Bibi anapotoka mlangoni na kutuinulia mkono. Sauti yake ilikuja safi, nikabaki kimya kuisikiliza. Lakini alipogeuza uso tu, ukavunjika vipande vipande vya miraba, na mkono ukawa kama rangi iliyopakwa kwa kidole. Nilirudisha nyuma mara nne. Kwenye mkanda hayuko hivyo. Mkanda una chenga na rangi imefifia, ila macho yake yanaonekana.

Sikuandikii kukulaumu. Najua umekesha na deki ile. Tatizo ni moja: umeweka mikanda mitatu, saa sita nzima, kwenye diski moja. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7 tu, na huo ndio mkate wenyewe. Saa zinavyoongezeka ndivyo kila sekunde inavyopata kipande chembamba. Ukiweka saa moja, picha inaweza kupewa karibu megabiti 9 za data kwa sekunde, na kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa picha ya DVD ni 9.8. Saa mbili, unashuka kwenye 5 hivi. Saa sita, hata 2 hazifiki, tena sauti imo humo humo. Mashine nyingi za kurekodia, ukizichagulia saa sita, hupunguza hata mistari ya picha: badala ya nukta 720 kwa 576 hurekodi 352 kwa 288. Nusu ya mistari inatupwa, na mwendo wa watu unakosa ulaini.

Mkanda wa VHS nao una shida yake, nami zamani sikuifikiria. Ungedhani picha hafifu haihitaji nafasi kubwa. Kumbe ni kinyume chake. DVD hubana picha kwa kutunza kile kinachobadilika kati ya fremu na fremu, yaani kati ya picha moja na inayoifuata, na chenga hubadilika kila fremu, kila mahali. Basi mashine inatumia nafasi yake kuzichora chenga, na uso wa Bibi unapata mabaki. Ndiyo maana mkanda mchakavu ndio unaostahili nafasi kubwa zaidi.

Naomba uanze upya, saa moja kwa kila diski. Mkanda wa saa mbili ugawe kwenye diski mbili, ukate mahali tukio linapoishia.

Kabla ya yote, vunja kile kijipande cha plastiki kwenye mgongo wa kila mkanda, ili deki isiweze kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Mkanda wenye ukungu mweupe usiuweke kabisa. Utachafua vichwa vya deki, vile vinavyousoma mkanda, na kuiharibu mikanda mingine. Mingine ipeleke mbele mpaka mwisho, uirudishe, ndipo uicheze. Safisha vichwa vya deki. Kama deki iliyorekodi bado inafanya kazi, tumia hiyohiyo, maana mara nyingi ndiyo inayousoma mkanda wake vizuri. Na kama ina tundu la S-Video, tumia waya huo badala ya ule wa manjano, kwa kuwa unapitisha mwanga na rangi kwa njia mbili tofauti.

Mikanda ile midogo ya kamera, ya MiniDV, usiipitishe kwenye waya wa manjano hata kidogo. Hiyo tayari ni ya kidijitali. Iunganishe kamera na kompyuta kwa waya wa FireWire, unaopitisha data yenyewe, nayo itaingia kama ilivyo, takriban gigabaiti 13 kwa saa. Faili hizo zitunze kwenye diski ngumu ya nje, na DVD itengenezwe kutoka humo. Mtu akitaka nakala ya DVD, nakili faili za diski zilivyo. Usiicheze na kuirekodi tena, wala usiipitishe kwenye programu ya kubana upya, kwani kila kubana kunakula kitu kisichorudi.

Diski zenyewe zichome kwa kasi ya wastani, uzicheze zote mpaka mwisho, uandike juu kwa kalamu laini ya wino. Usibandike karatasi. Zisimamishe kwenye kasha zake mbali na jua, maana rangi inayobeba data huharibiwa na mwanga. Tengeneza mbili mbili, moja ibaki kwako na moja iwe kwa Mama.

Mikanda yenyewe usimruhusu mtu yeyote aitupe, hata kama diski zimetoka vizuri. Nimesikia Mama anataka kupunguza vitu kabatini. Mwambie mimi ndiye niliyeomba, na nikija nitaibeba mwenyewe.

Anza na ule wa Bibi. Ukimaliza saa ya kwanza, usingoje nyingine. Nitumie hiyo peke yake.

Kaka yako akupendaye