Wifi, mwache mtoto aende pwani

Wifi yangu,

Hujambo na watoto? Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu unanikatia, halafu najua wenzako wengi hapa Tanga wana neno kama lako: mwalimu anawazururisha watoto ufukweni na upimaji wa darasa la nne ndio huo unakuja.

Mimi nilikwenda nao Sahare. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, mwezi mpevu umepita siku mbili tu. Saa nne asubuhi maji yamekupwa mpaka kule wanawake wanakochokoa pweza. Mwalimu kaja na kamba yenye fundo kila mita moja, watoto wapime kutoka pale maji ya alfajiri yalipoacha mwani hadi ukingoni. Mwanetu, huyo huyo unayesema vipimo vinampiga chenga, akawagombeza wenzake: kamba imelegea, ivuteni, hivyo tunadanganya! Hakuna aliyemwambia.

Kisha mwalimu akawaambia kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Kwa nini? Mwezi ndio unaoyavuta maji. Mtoto mmoja akawa dunia, anajizungusha papo hapo. Mwingine akawa mwezi, anamzunguka pole pole. Dunia ikimaliza duru moja, mwezi umeshasogea, basi inabidi igeuke kidogo zaidi ndipo wakutane tena uso kwa uso. Hicho kidogo ndicho dakika 50. Wifi, nimekulia pwani na leo ndiyo nimeelewa.

Sasa wiki iliyofuata waje saa ngapi? Mwanetu akachora mchangani: siku 7 mara dakika 50 ni 350, yaani saa tano na dakika 50. Ongeza kwenye saa nne, unapata saa kumi kasoro dakika kumi. Tulirudi jioni hiyo. Mzee mmoja anayetengeneza nyavu akacheka, akasema hayo ni maji mafu, hayaendi mbali. Kweli, kamba ilibaki nyingi mkononi. Saa aliyoipiga hesabu mwanetu ilipishana kidogo na bahari, wakabishana kwa nini njia nzima hadi kwenye daladala.

Najua unachoogopa. Sisi tulibebeshwa ndoo hadi nyumbani kwa mwalimu, tukaambiwa ndiyo elimu ya kujitegemea. Lakini Nyerere alipoiandika mwaka 1967 alitaka watoto wenyewe washiriki kuamua mambo ya shamba la shule na waone matunda ya jasho lao. Ndoo zile zilikuwa ndoo tu. Ukiona mtoto katumwa kuni, niite, tutakwenda wote kwa mwalimu mkuu.

Jumamosi ni bamvua tena. Mpe kofia, chupa ya maji na viatu vya kufunga, si kandambili, kule kwenye miamba kuna miba. Nauli nimeshatoa. Kamba safari hii anaishika yeye.

Wifi yako