Barua kwa mwanangu: lile boksi usilinunue

Binti yangu,

Salamu kutoka nyumbani, sote wazima. Picha ya lile boksi jekundu la vifaa 108 nimeiona. Usilinunue. Ukivihesabu, vingi humo ni soketi na biti za bisibisi, vitu vya fundi magari. Vya seremala havifiki hata vitano, na patasi zake ni za chuma laini, zikikutana na mninga zinajikunja ncha.

Nunua kimoja kimoja, kazi ikikudai. Na kazi ya kwanza iwe benchi ya kufanyia useremala, maana pasipo benchi hata randa ya bei mbaya haikusaidii: unasukuma, na mbao nayo inaondoka.

Anza na vya kupimia. Futi kamba ya mita 5 inatosha. Utaona ile ndoano ya mwanzoni inachezacheza, usiigonge ikaze. Imeachwa icheze kwa kadiri ya unene wake, ili kipimo kiwe kilekile ukiivuta ukingoni kwa nje au ukiigandamiza kwenye pembe kwa ndani. Skwea, kile kipimia pembe mraba, chukua ya inchi 12 na uijaribu dukani kabla hujalipa. Omba ubao wenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze skwea upande wa pili, chora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikiachana, mrudishie mwenye duka. Mwachano unaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Skwea mbovu itakufanya uulaumu msumeno mwaka mzima. Penseli unayo, lakini mahali pa kukata chora kwa kisu: kisu kinatangulia kukata nyuzi za mbao, kwa hiyo msumeno haubandui vibanzi.

Msumeno wa mkono wa inchi 20 au 22, wenye meno kama 8 kwa inchi, utakufaa. Yatazame meno. Yenye ncha za rangi ya samawati iliyokolea yamefanywa magumu kwa moto, tupa haiyali, yakiisha makali msumeno ndiyo basi. Ukiwa na fundi mnoaji karibu, chukua wa kawaida unaonoleka kwa tupa ya pembetatu. Ukianza kukwama katikati ya mkato, usiulazimishe. Ama meno hayakutanuliwa vya kutosha kushoto na kulia, ama mbao ni mbichi na inaubana.

Patasi tatu: nusu inchi, robo tatu na inchi moja. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu patasi mpya haiji na makali, hata ya ghali. Tafuta kipande cha kioo kinene, kilaze mezani, bandika msasa wa maji namba 240, kisha 400, kisha 1000. Anza na mgongo wa patasi, ule upande bapa. Usisugue wote, sentimita 2 au 3 za mwisho zinatosha, mpaka zing'ae sawasawa. Halafu upande wa mteremko: pembe ya nyuzi 25 ndiyo ya kiwandani, wewe inua kidogo hadi kama 30 na unoe ncha tu. Ukipapasa nyuma utahisi chuma kimejikunja chembamba kama ukucha. Hiyo ndiyo dalili kwamba umefika kwenye makali. Kiondoe kwa kuilaza patasi kwa mgongo na kuipitisha mara chache kwenye namba 1000. Ijaribu kwenye kichwa cha mbao ya paini, yaani kule nyuzi zinakoishia. Paini ni laini, patasi butu inaiponda badala ya kuikata, kwa hiyo haidanganyi. Grenda iache. Ukiona ncha imegeuka bluu, chuma kimeungua na hakitashika makali tena mpaka ukinoe na kukimaliza chote kilichogeuka rangi.

Randa namba 5, ya inchi 14 hivi, ndiyo ningeichagua mbele ya namba 4, kwa sababu ukingo mrefu wa mbao ya meza inaunyoosha vizuri zaidi. Kile chuma cha juu, kinacholalia chuma chenye makali, kikae milimita 1 nyuma ya makali. Takataka zikijazana mdomoni, mara nyingi vyuma hivyo viwili havikukutana barabara, na maranda yanajipenyeza katikati. Kisugue cha juu kwenye kioo kilekile.

Drili ya waya inatosha, ya betri ni anasa kama umeme uko. Skrubu namba 8 kwenye mbao ngumu itangulizie tundu la milimita 3 na uipake sabuni ya mche, la sivyo mbao itapasuka au kichwa cha skrubu kitakatika. Klempu, yaani vibanio, ziwe nne, si mbili. Gundi nyeupe ya mbao inataka kubanwa saa moja, na uiache mpaka kesho yake kabla ya kuipa mzigo.

Mbao za kujifunzia ziwe paini, zile za Mafinga. Chungulia kila moja kwa urefu, jicho moja limefumbwa, uone kama imepinda. Yenye kiini cha mti katikati iache, itapasuka. Zipange ndani kwa vijiti katikati wiki mbili. Mvule usiuguse kwa sasa, wakati mwingine huficha mawe ya chokaa yanayovunja makali ya randa. Na ukipiga msasa, vaa barakoa, hasa kwenye mninga na mkongo.

Msumeno wa mashine tutauzungumza benchi ikishasimama. Pesa ya lile boksi itumie kwa futi kamba, skwea na msumeno. Patasi zisubiri mshahara ujao. Ukienda dukani, beba penseli yako.

Baba yako