Bao la 1954 si bao la 1990

Ndugu Mhariri,

Nimeliona jedwali la wafungaji bora wa muda wote kwenye ukurasa wenu wa michezo, na ubishi lililouzua vijiweni nimeusikia. Ubishi sina tatizo nao, mpira bila ubishi haunogi. Tatizo langu ni namna jedwali lilivyopangwa: majina upande mmoja, jumla ya mabao upande wa pili, mwenye nyingi juu, mwenye chache chini, basi. Cristiano Ronaldo aliyefikisha mabao 900 Septemba 2024, Pelé na mabao yake zaidi ya 1,200 yanayojumlisha na mechi za kirafiki, Gerd Müller wa miaka ya sabini, wote wametiwa kwenye mizani moja kana kwamba walicheza ligi moja, mwaka mmoja, kwa sheria zilezile. Shilingi mia ya mwaka 1980 ilikuwa pesa ya kumtuma mtoto sokoni. Ya leo mwenye duka anakurudishia pipi. Hakuna anayezijumlisha hizo mbili akasema ana mia mbili.

Chukua Kombe la Dunia, ambako hesabu ziko wazi mpaka bao la mwisho. Mwaka 1954 kule Uswisi yalifungwa mabao 140 katika mechi 26, yaani wastani wa 5.38 kwa mechi. Mwaka 1990 kule Italia yalifungwa 115 katika mechi 52, wastani wa 2.21. Mechi zimeongezeka maradufu, mabao yamepungua. Sasa Sándor Kocsis wa Hungary aliondoka Uswisi na mabao 11 katika mechi 5, na Salvatore Schillaci wa Italia alikuwa mfungaji bora wa 1990 kwa mabao 6 katika mechi 7. Kwa jedwali lenu, Kocsis anampita Schillaci karibu mara mbili na mjadala umefungwa.

Mimi nafanya hivi: nagawanya mabao ya mchezaji kwa mechi alizocheza, kisha nagawanya tena kwa wastani wa mabao wa mashindano yale. Jibu linaniambia mtu huyu peke yake alikuwa akifunga sehemu gani ya mabao ambayo mechi ya kawaida, timu zote mbili kwa pamoja, ilikuwa ikitoa. Kocsis anapata asilimia 41. Schillaci anapata 39. Ile tofauti ya mabao matano imebaki pointi mbili! Na Schillaci mechi mbili za kwanza alitokea benchi, kwa hiyo ukihesabu kwa dakika badala ya mechi, huenda hata hizo mbili zikayeyuka.

Wengine kwa hesabu hiyohiyo: Just Fontaine wa Ufaransa, mabao 13 katika mechi 6 mwaka 1958, asilimia 60. Gerd Müller, mabao 10 katika mechi 6 mwaka 1970, asilimia 56. Eusébio, mabao 9 katika mechi 6 mwaka 1966, asilimia 54. Ronaldo yule Mbrazili, mabao 8 katika mechi 7 mwaka 2002, asilimia 45. Kylian Mbappé, idadi ileile katika mechi 7 mwaka 2022, asilimia 43. Yaani Kocsis wa mabao 11 yuko nyuma ya Mbappé wa mabao 8. Kuna atakayesema nimewapunja waliofunga mengi, kwa sababu mabao yao yenyewe yanaupandisha wastani ninaowagawia. Ni kweli. Nimeyatoa ya kila mmoja kwenye wastani nikarudia hesabu: asilimia zote zinapanda kidogo, mpangilio haubadiliki hata kwa nafasi moja.

Kwa nini 1954 mabao yalimwagika vile? Timu zilizopewa hadhi ya juu hazikukutana zenyewe kwa zenyewe kwenye makundi, kwa hiyo Hungary ya Puskás ilianza na Korea Kusini ikaipiga 9-0, Kocsis matatu. Mechi iliyofuata, Ujerumani Magharibi ikapigwa 8-3, Kocsis manne. Mabao saba kati ya kumi na moja yametoka humo. Kingine ni kwamba kubadilisha mchezaji katikati ya mechi hakukuwepo; Kombe la Dunia halikuruhusu jambo hilo mpaka 1970. Tazama robo fainali ya Austria na Uswisi pale Lausanne. Joto lilikuwa kali, na kipa wa Austria, Kurt Schmied, alishikwa na ugonjwa wa jua. Leo kipa wa namna hiyo angetolewa kwa machela na mwenzake angeshavaa glavu. Schmied ilibidi abaki langoni hivyohivyo, timu yake ikiwa imeshafungwa matatu ndani ya dakika 20. Mechi iliisha Austria 7, Uswisi 5. Mabao kumi na mawili ya siku ile yamo kwenye vitabu vya takwimu, yana uzito uleule na bao lolote la Italia 1990.

Sheria nazo zinafanya kazi kubwa kuliko miguu ya washambuliaji. Uingereza hadi msimu wa 1924/25, mshambuliaji alihesabiwa ameotea kama hapakuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1925 wakapunguzwa wakawa wawili. Mechi za ligi ya huko, Football League, zilibaki 1,848 kwa msimu, klabu ni zilezile 88, lakini mabao yalipanda kutoka 4,700 hadi 6,373. Mabeki walikuwa hawajajua wasimame wapi. Humo ndani George Camsell wa Middlesbrough akafunga mabao 59 daraja la pili msimu wa 1926/27, na mwaka mmoja baadaye Dixie Dean wa Everton akafunga 60 daraja la kwanza. Rekodi ya Dean haijavunjwa mpaka leo na sisemi alikuwa mtu wa kubahatisha, maana wenzake wote walipata sheria ileile na hawakufika 60. Lakini ukimweka kando ya Erling Haaland na mabao yake 36 ya msimu wa 2022/23 ukaacha kueleza kilichotokea 1925, umemdanganya msomaji.

Italia ni kinyume chake. Msimu wa 1987/88 mfungaji bora wa Serie A alikuwa Diego Maradona. Kwa mabao mangapi? Kumi na tano. Ligi ilikuwa na timu 16, mechi 30, na mabeki waliokuwa hawana huruma. Msimu wa 2015/16 Gonzalo Higuaín alifunga 36 katika ligi ya timu 20 na mechi 38. Sitaki kuamini kuna mtu anadhani Higuaín alikuwa zaidi ya mara mbili ya Maradona.

Kuhusu wale wanaoanza kuhesabu mwaka 1992, ligi kuu ya England ilipopewa jina la Premier League, nitasema kidogo tu. Alan Shearer ana mabao 260 ya Premier League na anaitwa mfungaji bora wa historia ya England. Jimmy Greaves alifunga 357 katika ligi kuu ya nchi hiyohiyo kabla haijabadilishwa jina.

Penalti. Mabao 9 ya Eusébio mwaka 1966, manne ni ya tuta. Mabao 7 ya Messi mwaka 2022, manne vilevile. Fontaine hakufunga hata moja kwa tuta katika yale 13, na yote aliyafunga kwa viatu vya kuazima, maana vya kwake vilikuwa vimeharibika. Sisemi penalti zifutwe, kwa sababu kuipiga kwenye mechi ya Kombe la Dunia kunahitaji moyo. Nasema ziwekwe safu yake, msomaji aone.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi kama Mwafrika. Mwaka 2012 Lionel Messi alifunga mabao 91 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, na dunia nzima ikatangaziwa kwamba amevunja rekodi ya Gerd Müller, mabao 85 ya mwaka 1972. Wazambia wakanyanyua mkono. Walisema mwaka huohuo wa 1972, Godfrey Chitalu wa Kabwe Warriors alifunga mabao 107. Chama cha soka cha Zambia kikalifikisha suala FIFA, na jibu likawa kwamba FIFA haitunzi takwimu za ligi za ndani za nchi. Ni jibu la ajabu ukilitafakari, kwa kuwa mabao ya Müller na ya Messi kwa sehemu kubwa yalikuwa ya ligi na vikombe vya ndani. Tofauti ni kwamba Munich na Barcelona palikuwa na magazeti yaliyoandika kila bao na maktaba zilizoyahifadhi. Chitalu mwenyewe hakuwepo kujitetea. Alifariki Aprili 1993 katika ajali ya ndege iliyoua kikosi cha Zambia karibu na Gabon, akiwa ndiye kocha. Jedwali lenu halimtaji hata kwa alama ya nyota na maelezo mafupi chini yake.

Ukinibana nimtaje mmoja, nitamtaja Müller. Fontaine ana asilimia kubwa, lakini mechi sita ni chache mno za kumhukumu mtu, na majeraha yalimstaafisha mapema akiwa na mabao 30 katika mechi 21 za timu ya taifa. Müller alifunga 68 katika mechi 62 za Ujerumani Magharibi, mawili kwenye fainali ya Ulaya 1972, na la ushindi kwenye fainali ya dunia 1974. Katika Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ana 365 katika mechi 427. Mashabiki wa Robert Lewandowski watanikumbusha kwamba mabao 40 ya Müller ya msimu wa 1971/72 yalipitwa na 41 ya mtu wao mwaka 2021, tena katika mechi 29 tu. Wana hoja, na kwa msimu mmoja nitawaachia. Kuhusu Cristiano, kudumu miaka zaidi ya 20 ukifunga ni sifa ambayo wachache mno wameifikia. Lakini ni sifa ya kudumu, ipewe safu yake, na ikumbukwe kwamba hata bao lake la 900 lilipatikana katika Nations League, mashindano ya timu za taifa za Ulaya yaliyoanza mwaka 2018.

Ombi langu ni dogo. Mkichapa tena jedwali la namna hii, ongezeni safu za mechi, penalti, wastani wa mabao wa mashindano husika, na dakika pale zilipo. Na msiishie Ulaya. Ligi Kuu yetu ya Tanzania ya 2018/19 ilikuwa na timu 20, kila moja ikacheza mechi 38, na Meddie Kagere wa Simba akawa mfungaji bora kwa mabao 23. Msimu wa 2015/16 Amissi Tambwe alifunga 21, na wa 2023/24 kiungo Stephane Aziz Ki alifunga 21 pia, misimu yote miwili ikiwa na timu 16 na mechi 30. Kwa kila mechi ya ligi, Kagere anapata 0.61, wenzake 0.70. Vijana wa Simba hapa mtaani wamenikasirikia kwa hesabu hiyo, na ningependa waisome gazetini badala ya kuisikia kwangu.

Msomaji wa kurasa za michezo,
Tanga