Kung'arisha gari kwa mashine ni kupunguza rangi, wateja waelezwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wenye magari wa Malindi, pamoja na mafundi wanaowahudumia, jambo ambalo aghalabu halisemwi wakati wa kupatana bei: kung'arisha gari kwa mashine hakuongezi kitu juu ya rangi, bali huondoa sehemu ya rangi yenyewe, na kilichoondolewa hakirudi mpaka gari lipakwe upya.

Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, na hilo ndilo linaloleta mng'ao na kuikinga rangi iliyo chini yake dhidi ya jua. Unene wake kwa kawaida ni takriban mikroni 35 hadi 50, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Ile mikwaruzo inayoonekana kama utando wa buibui jua linapopiga boneti imo ndani ya tabaka hilo. Kompaundi inayotumiwa na mashine haina muujiza wowote; ni chembe za kukwangua zilizochanganywa na vilainishi, nazo huushusha uso wa klia mpaka ulingane na kina cha mkwaruzo, ili mwanga urudi pamoja badala ya kutawanyika. Mkwaruzo wenye kina kirefu ukifukuzwa mpaka utoweke kabisa, klia nayo huenda ikatoweka, na yale mabaka meupe yanayobanduka juu ya paa, ambayo jua letu la pwani huyaleta lenyewe bila kusaidiwa, hufika mapema zaidi.

Kwa hiyo siridhiki na desturi ya kulipiga gari mashine kila inapokaribia harusi au kila linapotafutiwa mnunuzi, na harusi za mji huu, alhamdulillahi, hazina msimu. Magari mengi huja hapa yakiwa yamekwisha kutumika nje, kwa kuwa sheria inaruhusu kuingiza gari lenye umri usiozidi miaka 8, na mwenye kulinunua hajui limeng'arishwa mara ngapi kabla ya kushushwa Mombasa. Fundi asiye na kipimo cha unene wa rangi anabahatisha kwa mali ya mwenzake. Kipimo hicho ni kifaa kidogo cha mkononi. Hakitenganishi klia na tabaka za chini, lakini rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, mara nyingi husoma kati ya mikroni 100 na 150, na mlango unaosoma mara mbili ya jirani yake yaelekea umewahi kupakwa tena. Pengine mnunuzi angefaidika na usomaji huo kuliko na mng'ao wenyewe.

Mashine nazo si moja. Ile inayozunguka kwenye mhimili mmoja hukwangua haraka, ila hukusanya joto mahali pamoja, na katika mkono usiozoea huitoboa klia kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti, ambako rangi huwa nyembamba. Au huacha vivuli vya mawimbi visivyoonekana karakanani, vikajitokeza gari likitoka juani. Ile inayozunguka huku ikitikisika huenda polepole na ni salama zaidi, nayo yatosha kwa kazi nyingi.

Fundi makini huosha kwanza, huondoa uchafu ulioganda kwa udongo maalumu, hufunika kingo kwa utepe, kisha hujaribu mahali padogo kivulini kwa sponji laini na kompaundi nyepesi kabla ya kufikiria kitu kikali zaidi. Akimaliza, hufuta kwa spiriti iliyozimuliwa, kwa sababu mafuta ya kompaundi hujaza mikwaruzo na kuificha, na mng'ao wa namna hiyo huondoka gari likioshwa mara chache. Mteja ana haki ya kutaka boneti ifutwe mbele yake na kutolewa juani kabla hajalipa.

Mng'ao wa kiwango cha maonyesho, ambapo hakuna mkwaruzo hata mmoja chini ya taa kali, unalifaa gari linalofunikwa na kutoka mara moja moja. Gari linalokwenda Mombasa kila wiki, au linalobeba samaki kutoka Ngomeni, liachiwe mikwaruzo yake yenye kina kirefu. Tena mikwaruzo mingi huzaliwa wakati wa kuosha, kwa tambara moja na ndoo moja iliyojaa mchanga, na maji ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe yakikaukia juani huacha madoa ya chokaa, ambayo baadaye huletwa mashine iyaondoe. Ndoo ya pili ya kusuuzia na taulo laini la kukaushia ni nafuu kuliko kompaundi.

Ombi langu kwa wenye karakana ni kwamba risiti ya kazi hii iandikwe unene wa rangi kwenye boneti, paa na kila mlango, kabla ya mashine na baada yake, na nakala abaki nayo mwenye gari, ili fundi atakayefuata ajue amebakishiwa nini.

Msomaji wako,
Malindi