Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kaliba za Risasi Zinazoruhusiwa Katika Mashindano Yetu

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina na ratiba ya mashindano itatolewa na Katibu. Mimi nitajikita katika jambo lililoletwa mbele ya kamati mara nyingi kuliko lingine lolote, nalo ni kaliba za risasi (upana wake kwa takriban inchi) zinazoruhusiwa katika mashindano ya kulenga shabaha kwa mtindo wa kauboi. Wengi wetu tulizaliwa Afrika Mashariki na mchezo huu tumeujulia hapa Marekani. Kitabu cha kanuni kimeandikwa kwa Kiingereza, vipimo vyake ni inchi, futi na greni (kipimo kidogo cha uzito), na si haki kumtaka mwanachama mpya afuate kanuni ambazo hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoielewa barabara.

Chama chetu kinafuata kanuni za Single Action Shooting Society, jumuiya iliyoundwa mwaka 1987. Mshindani hutumia silaha nne za aina zilizokuwapo mwishoni mwa karne ya 19, au nakala zake zinazotengenezwa leo: bastola mbili za silinda ambazo nyundo yake huvutwa kwa kidole kabla ya kila mlio, bunduki moja ya wenzo, yaani inayokokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini yake, na bunduki moja ya marisau, yaani inayorusha vitone vingi vidogo kwa mlio mmoja. Kwa bastola, risasi iwe na fataki (kiwashio cha baruti) katikati ya kitako chake, na kaliba isipungue .32 wala isizidi .45, yaani kuanzia takriban milimita 8 hadi milimita 11.4. Bunduki ya wenzo ina mipaka hiyo hiyo, pamoja na sharti kwamba kaliba yake iwe ya bastola. Ndiyo maana .32-20, .38 Special, .357 Magnum, .38-40, .44-40, .44 Special, .44 Magnum na .45 Colt zote zinakubalika, na .25-20 imeruhusiwa katika bunduki hiyo ingawa iko chini ya kiwango.

Swali tuliloulizwa sana mwaka huu ni kwa nini .30-30 inakataliwa, ilhali ni risasi ya zamani na bunduki zake za wenzo zimejaa madukani. Jibu ni kwamba hiyo ni risasi ya bunduki, na kichwa chake huenda kwa mwendo wa zaidi ya futi 2,000 kwa sekunde. Shabaha zetu ni mabamba ya chuma yaliyosimamishwa hatua chache tu kutoka kwa mshindani, na risasi ya mwendo huo hulichimba bamba na kurudisha vipande kwa watu. Mwenye .30-30 au .45-70 asivunjike moyo, kwa kuwa yapo mashindano ya pembeni ya masafa marefu ambako bunduki hizo ndizo zinazotakiwa. Vilevile .22, ambayo fataki yake iko ukingoni mwa kitako, haikubaliki kwa watu wazima katika mashindano makuu, lakini watoto walio katika kundi lao wanaruhusiwa kuitumia.

Naomba tuelewane hapa kwa makini, kwa sababu ndipo kiini cha taarifa hii kilipo. Namba iliyochongwa kwenye kitako cha ganda haitoshi kuifanya risasi iwe halali. Kichwa cha risasi lazima kiwe cha madini ya risasi matupu. Kisivikwe shaba, nusu wala nzima, kisipakwe shaba kwa umeme, wala kisiwekewe kikombe cha shaba chini yake. Madini ya risasi ni laini, na yakigonga chuma husambaratika, lakini shaba ni ngumu na hurudi. Mwaka huu tulikuta mara kadhaa maboksi ya .38 Special yenye vichwa vya rangi nyekundu ya shaba, yaliyonunuliwa kwa nia njema kabisa na watu walioangalia kaliba peke yake. Maboksi hayo yaliwekwa kando kabla ya shindano kuanza, na nawashukuru wenyewe kwa kukubali bila ubishi.

Mwendo nao una mipaka. Risasi ya bastola isizidi futi 1,000 kwa sekunde, na ya bunduki ya wenzo isizidi futi 1,400. Kwa hiyo mwenye .357 Magnum au .44 Magnum anaruhusiwa kuleta kaliba hiyo, ila si kwa nguvu yake kamili kama inavyouzwa kwa mawindo. Kwa upande wa chini, mwendo usipungue futi 400 kwa sekunde, na kipimo cha nguvu kisipungue 60. Kipimo hicho hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kichwa kwa greni na mwendo wake kwa futi, kisha kugawanya kwa 1,000. Mtu mwenye kichwa cha greni 105 kinachokwenda futi 550 atapata 57.75, na risasi yake haifai, ingawa kaliba ni halali na mwendo umepita 400. Akiufikisha mwendo huo futi 600 atapata 63, naye yumo ndani ya kanuni.

Nalisisitiza suala la kiwango cha chini kwa sababu mashindano yetu hupimwa kwa saa, na risasi hafifu haimsukumi mtu mkono, hivyo wapo wanaopunguza baruti mwaka hadi mwaka wakitafuta sekunde. Risasi iliyo dhaifu mno inaweza kukwama ndani ya mtutu, na ikifuatiwa na nyingine mtutu hupasuka. Hatari ya pili huwapata wanaojaza risasi zao nyumbani. Ganda la .45 Colt lilibuniwa katika miaka ya 1870 kwa baruti nyeusi ya kiasi cha greni 40. Baruti ya kisasa isiyo na moshi huwekwa kidogo sana, kwa hiyo ganda hilo linaweza kupokea vipimo viwili bila kufurika wala kumshtua mjazaji. Kila ganda limulikwe ndani kabla ya kufungwa. Jingine ni kwamba katika bunduki ya wenzo risasi hulala kwenye bomba zikifuatana, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake, na ndiyo sababu tunataka vichwa vyenye ncha bapa.

Majina ya kaliba yanahitaji uangalifu pia. Risasi ya .38 Special na ya .357 Magnum zina kichwa cha upana uleule, na ya .38 Special, iliyo fupi zaidi, huingia na kulipuka salama katika silaha ya .357, lakini silaha ya .38 Special isipewe kamwe risasi ya .357 Magnum. Risasi ya .38-40, kwa upande wake, ina kichwa cha upana wa takriban inchi .40, na kwa hiyo inafaa hata katika kundi la Classic Cowboy linalodai kaliba ya .40 na kuendelea.

Kwa bunduki ya marisau maelezo ni mafupi: geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu ambacho namba yake hupungua kadiri mtutu unavyokuwa mpana, iwe kati ya 10 na 20, marisau yawe ya madini ya risasi ya namba 4 au madogo zaidi, na risasi za magnum (zenye nguvu kuliko za kawaida) au za marisau ya chuma hazikubaliki.

Kwa wanaoanza, kamati inapendekeza .38 Special kwa bastola na bunduki ya wenzo pamoja. Ni rahisi kupatikana, haina mshindo mkubwa, na aina moja ya risasi hupunguza makosa ya kupakia. Kwa anayependa historia na moshi wa baruti nyeusi, mimi binafsi naipa heshima .44-40, iliyotoka pamoja na bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 na baadaye ikatumika katika bastola za Colt. Mdomo wa ganda lake ni mwembamba, huziba chemba vizuri na kuizuia masizi.

Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mambo mawili. Kwanza, fedha za kununua kifaa cha kupima mwendo wa risasi, ili kila mwanachama aweze kupima zake siku ya mazoezi badala ya kukisia. Pili, kuanzia shindano la kwanza la mwaka ujao, kila mshindani aonyeshe sampuli ya risasi zake katika meza ya usajili kabla ya kupewa namba ya kundi, na msimamizi wa meza awe na mamlaka ya kuzikataa. Hoja zote mbili zimo katika ajenda namba 4, na zitapigiwa kura baada ya taarifa ya Mweka Hazina.